Safu kwa Safu: Mungu Hajaweka Sindano Chini

Mahubiri ya ibada ya Jumapili
Masomo: Kutoka 35:25-26, Ruthu 1:19-22, Wafilipi 1:6

 

Wapendwa, tufungue Kutoka sura ya 35. Musa amewaita watu walete vifaa vya kujenga hema ya kukutania. Wanaume kwa wanawake wanaleta dhahabu, shaba, ngozi na mbao. Halafu ukifika mstari wa 25 na 26, Biblia inasimama kidogo na kuwataja kina mama wenye ujuzi. Walisokota kwa mikono yao, wakaleta nyuzi za rangi ya samawi, za zambarau, nyekundu, na kitani. Wengine wakasokota manyoya ya mbuzi.

Sasa ona jambo hili. Walileta nyuzi. Hema yenyewe ilikuwa bado. Pazia halijatundikwa, kuhani hajavaa vazi. Mtu akipita kambini siku hiyo angeona madonge ya uzi tu, na kina mama waliochoka vidole. Lakini Mungu alikuwa anaona hema.

Kuna mtu anasoma haya na maisha yake ni donge la uzi. Karo haijalipwa, kazi iliisha mwezi wa tatu, mtoto amekataa shule, na kila Jumapili anasikia shuhuda za wengine. Anajiuliza: na mimi, Bwana? Neno la leo ni lako. Wafilipi 1:6 inatuhakikishia kwamba yule aliyeanza kazi njema ndani yetu ataiendeleza mpaka siku ya Kristo. Kazi ikianza, inaendelea. Na kazi inayoendelea huenda kwa hatua.

Shali yenye mishono 11,340

Wiki hii niliketi na kina mama wetu wa kroshe, wale wanaotengeneza shali za wajane wetu kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Biblia haitaji kroshe. Kina mama wa Israeli walisokota na kufuma kwa njia zao. Lakini uzi ni uzi, na mkono ni mkono, na nilipowatazama wakifanya kazi niliona mahubiri mazima.

Ile shali niliyoinua madhabahuni mliiona. Ina mistari 9 ya rangi: njano, kijani, nyekundu, bluu, na katikati kuna mmoja wa kijivu, rangi ya majivu. Kila mstari una safu 6. Kila safu ina mishono 210. Piga hesabu: safu 54, mishono 11,340. Na hakuna hata mmoja uliojishona wenyewe. Kila mmoja ulipita mkononi, kwenye ncha ya sindano moja yenye ndoano.

Sisi tunapenda mambo ya ghafla. "Pokea sasa hivi! Kabla jua halijazama!" Na Mungu wetu anaweza ghafla. Paulo na Sila walikuwa gerezani, na tetemeko likaja mara moja. Lakini soma Kutoka 23:29-30. Mungu anawaambia Israeli kwamba hatawafukuza adui zao kwa mwaka mmoja. Atawaondoa kidogo kidogo, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakaongezeka. Kumbe kuna baraka ambayo ikija yote kwa siku moja inakuwa pori! Hata Bwana Yesu, Marko 8, pale Bethsaida, alimgusa kipofu mara mbili. Baada ya mguso wa kwanza yule mtu aliona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumwacha hapo. Alimgusa tena, akaona sawasawa.

Mwambie jirani yako: kama unaona miti inayotembea, usiondoke. Mguso wa pili upo.

Haya, tufuate hatua za shali.

1. Mnyororo wa kwanza usikazwe mno

Shali huanza na mnyororo, vitanzi vilivyoshikana kimoja baada ya kingine. Huo ndio msingi, na safu zote zitaukalia. Kina mama waliniambia mgeni wa kroshe hukaza mnyororo kwa nguvu zote kwa sababu anaogopa utaachia. Safu zinazofuata zinakuwa pana, msingi unabaki mfupi, na shali inajikunja chini kama upinde. Ndiyo maana wengine huanza mnyororo kwa sindano nene kidogo, halafu wanarudi kwenye sindano ya kawaida.

Wazee wa kanisa, nisikieni. Mtu ameokoka Jumapili iliyopita na sisi tayari tumemkaza: usivae hivi, usikae na hao, mbona hujui nyimbo? Tumekaza msingi, halafu tunashangaa miaka miwili baadaye amejikunja. Mpe nafasi. Msingi ni Yesu Kristo, naye haachii. Utakatifu utakuja safu kwa safu, na utakaa sawa kwa sababu chini hakukubanwa kwa hofu.

2. Kitanzi kimoja tu ndicho kiko wazi

Jambo hili lilinigusa sana. Ukifuma sweta kwa sindano mbili ndefu, vitanzi vyote vya safu viko wazi kwenye sindano, na kimoja kikiponyoka kinaweza kushuka safu nyingi. Kroshe kwa kawaida si hivyo. Ukimaliza mshono, umefungwa. Mishono yote ya nyuma imeshikwa. Kilicho wazi ni kitanzi kimoja tu, kile kilicho kwenye ndoano sasa hivi.

Hebu fikiria. Mishono 11,340, na fundi anashughulika na mmoja.

Wewe unabeba ya jana, ya leo na ya mwaka ujao kwa pamoja, halafu unashangaa usingizi umekwenda wapi. Yesu alisema katika Mathayo 6 tusiisumbukie kesho. Mungu hajakupa mikono ya kushona safu ya 54 ukiwa safu ya 12. Amekupa neema ya kitanzi cha leo. Leo lipa deni la leo. Leo msamehe mumeo neno la leo. Leo omba.

Lakini sikia na hili: hicho kitanzi kimoja ndicho kinachoshika kazi yote. Ukichomoa sindano na kuvuta uzi, mshono unafuata mshono, na kazi ya mwezi inarudi kuwa uzi ndani ya dakika chache. Fundi akichoka usiku hachomoi hovyo. Anakivuta kitanzi kiwe kirefu au anakitia pini, ndipo anaweka kazi kwenye kikapu akalale. Kupumzika siyo kuacha. Kuna wengine hapa mnahitaji kupumzika, na shetani anawaambia mkate uzi. Usikate! Tia pini. Mwambie mtu wa maombi, "Nishikie hapa, nimechoka." Kisha ulale.

3. Hesabu kila safu

Ukifika mwisho wa safu unageuza kazi, na kabla ya kurudi unashona vitanzi vichache vya kupandia, ili upate urefu wa safu mpya. Kwa mshono mrefu kama ule wa shali yetu, vitanzi hivyo ni 3, na mara nyingi huhesabiwa kama mshono kamili. Hapo ndipo wengi hukosea. Wakirudi mwisho wa safu, wanaona kama si mshono, wanauruka. Umepoteza mmoja tu. Nani ataona? Safu inayofuata, mmoja tena.

Piga hesabu. Ukipoteza mshono mmoja kila safu, kwa safu 54 umepoteza 54. Katika 210 hiyo ni zaidi ya robo. Ulianza shali, unamaliza na kitu kinachokaribia pembetatu, na hakuna siku hata moja uliyoona hasara.

Ndoa nyingi hazivunjiki kwa tufani. Zinapungua mshono mmoja mmoja. Siku hii hamkusalimiana, kesho chakula kila mtu na simu yake, wiki ijayo maombi ya pamoja yamerukwa kwa sababu mmechelewa. Biashara ni hivyo hivyo: gramu chache kwenye mizani, risiti moja ya uongo. Maombi ni hivyo hivyo. Daudi hakuanza na mauaji ya Uria. Soma 2 Samweli 11: alianza kwa kubaki nyumbani wakati wafalme wanakwenda vitani.

Kwa hiyo hesabu. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kuja nyumbani mwa Bwana, keti na familia yako muulizane: wiki hii tumeruka wapi? Ni rahisi kurekebisha safu moja kuliko kurekebisha 30.

4. Rangi mpya huanza kabla ya rangi ya zamani kufungwa

Sasa tusogee karibu, maana hapa ndipo moyo wa ujumbe ulipo.

Nilidhani unamaliza rangi moja kabisa, halafu unaanza nyingine. Mama mmoja akacheka. Akasema, "La, Pasta, angalia." Alikuwa amefika mshono wa mwisho wa mstari wa kijivu. Hakuumaliza. Aliubakisha na vitanzi viwili kwenye sindano. Akaacha uzi wa kijivu, akachukua wa njano, akauvuta kupitia vile vitanzi viwili. Mshono ni wa kijivu, uko kwenye safu ya kijivu, lakini aliyeufunga ni uzi wa njano. Akageuza kazi, na safu ya njano ikaanza safi, bila doa la kijivu juu yake.

Haleluya! Sasa fungua Ruthu 1. Naomi anarudi Bethlehemu. Mume amezikwa Moabu, wana wawili wamezikwa Moabu. Wanawake wa mji wanauliza kama kweli huyu ni Naomi. Anawaambia wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, kwa maana maisha yamekuwa machungu. Anasema alitoka amejaa, akarudi mtupu. Huo ni mstari wa kijivu, wapendwa, na hakuna mtu alimwambia anyamaze.

Lakini soma mstari wa mwisho wa sura hiyo, wa 22. Unasema walifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri. Naomi anasema mtupu, na shambani shayiri imeiva! Analia kwa kijivu, na uzi wa njano tayari umeshapita kwenye kitanzi. Na anayesema amerudi mtupu amesimama na Ruthu kando yake, yule ambaye atamzaa Obedi, babu ya Daudi. Sura ilikuwa bado haijafungwa, na Mungu alishaanza ijayo.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Simwambii mama aliyezika mtoto kwamba Mungu alihitaji rangi ya kijivu ili shali ipendeze. Neno kama hilo linaumiza, na Biblia haisemi hivyo. Yesu alimlilia Lazaro. Ninachosema ni hiki: kijivu si rangi ya mwisho, na Mungu hakusubiri machozi yako yakauke ndipo aanze kutafuta uzi mwingine. Pengine huo uzi uko nyumbani mwako sasa. Ni yule binti anayekupikia chai. Ni jirani aliyekutumia mia tano bila kuulizwa. Ni ile nguvu iliyokutoa kitandani leo ukaja kanisani. Usiiite ndogo. Hiyo ni shayiri.

Na kwa sababu hiyo nasema kwa upendo kwa yule anayefikiria kuchukua mkopo wa simu ili atume "mbegu" kwa mhubiri aliyemwahidi muujiza ndani ya siku 7. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Rangi mpya hainunuliwi. Riba itakufuata, na mwenye nyumba bado atagonga mlango. Njoo kwa wazee tuombe na wewe, tuangalie hilo deni pamoja, tupange hatua ya kwanza. Safu moja ya kweli ni bora kuliko shali ya ndoto.

5. Kufumua si kutupa

Nguo ya kitambaa ukiikata vibaya kwa mkasi, imekatika. Lakini kroshe iliyokosewa unaifumua mpaka pale kosa lilipo, na uzi unarudi mkononi. Lugha yetu imeweka mambo haya mawili karibu: kufuma na kufumua. Mkono ni ule ule, uzi ni ule ule.

Yeremia 18 inasema nabii alishuka nyumbani kwa mfinyanzi akaona chombo kimeharibika mkononi, na mfinyanzi akakifanya tena kuwa chombo kingine. Udongo haukutupwa. Ulibaki mkononi.

Kuna mtu Mungu anamfumua. Ulijenga safu 20 juu ya uongo, na sasa zinaachia moja baada ya nyingine: jina, kazi, marafiki. Unadhani umelaaniwa. Sikiliza. Adui akitaka kukumaliza anatumia mkasi. Baba anafumua, taratibu, na kila anachofumua anakizungusha kwenye donge akihifadhi.

Kina mama wanasema uzi uliofumuliwa una mawimbi, umekumbuka mshono wa zamani. Ukishona nao hivyo hivyo, kazi inaweza kuwa na makunyanzi. Uzi wa sufu huoshwa, hutundikwa ukiwa umelowa, wengine huuwekea uzito mdogo chini, mpaka unyooke. Ndiyo maana mtu aliyetubu anahitaji muda. Umerudi kutoka kwenye pombe, kutoka nyumba ya pili, kutoka kucheza kamari kwenye simu. Umesamehewa leo, asilimia mia! Lakini bado una mawimbi. Usikimbilie kipaza sauti. Kubali kuoshwa na Neno, kubali kutundikwa mahali pamoja, kubali uzito wa kusimamiwa. Utanyooka, na utatumika tena.

6. Shali ni ya kumfunika mtu

Kila rangi inapoanza na inapoisha inaacha mkia wa uzi. Mistari 9, mikia 18. Mtu mvivu huikata mifupi karibu na mshono. Inapendeza siku ya kwanza, lakini ikifuliwa inaanza kuachia. Fundi mzuri huacha mkia mrefu kiasi, akautia kwenye sindano na kuupitisha ndani ya mishono ya rangi yake, kwenda na kurudi, mpaka hauonekani. Hii kazi haina sifa, na watu wengi wanaichukia. Lakini ndiyo inayofanya shali ivaliwe miaka. Kumaliza vizuri ni utumishi: rudisha ulichoazima, omba msamaha uliobaki, malizia lile neno ulilomwahidi mzazi wako.

Na baada ya hapo? Shali haikai kabatini.

Miaka ya 1845 hadi 1852 nchi ya Ireland ilipigwa na njaa kubwa, viazi vilioza mashambani kwa ugonjwa. Watu wengi sana walikufa. Wakati huo watawa na wake za wachungaji waliwafundisha kina mama na wasichana kroshe, wakauza lesi walizotengeneza na kununua chakula. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, aliyeianzisha kazi hiyo alikuwa Cassandra Hand, mke wa mchungaji. Njaa haikuisha kwa sababu ya sindano. Lakini nyumba zilipata mkate kwa sababu mtu alifundisha alichokijua. Mungu alimuuliza Musa ana nini mkononi, na swali hilo bado linatembea.

Soma Matendo 9:36-43. Dorkasi alikufa kule Yafa. Petro alipofika, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha nguo alizowatengenezea alipokuwa hai. Hakuna aliyemwonyesha Petro cheti cha Dorkasi wala kiti chake cha mbele kanisani. Walionyesha kilichowafunika. Na Mungu akamrudisha.

Shida uliyopita ilikuwa na rangi zake. Mwenye kujua usiku wa hospitali amfunike aliye hospitali. Mwenye kujua kufungiwa nyumba amfunike aliyefungiwa. Hata ukiwa bado safu ya 20, kuna mtu anatetemeka kwa baridi, na kona ya shali yako inamtosha.

Tuombe

Baba katika jina la Yesu, tunaleta nyuzi zetu, safi na zenye mafundo. Tusaidie kushika kitanzi cha leo. Tuonyeshe tulikoruka mshono. Kwa aliye kwenye kijivu, mfungulie macho aone shayiri. Kwa unayemfumua, mpe amani ajue yuko mkononi mwako. Na usituache tukamaliza kwa ajili yetu wenyewe. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Soma Kutoka 23:29-30. Ni baraka gani ambayo kama ingekuja yote kwa siku moja ingekudhuru?
2. Katika nyumba yako, ni mshono gani umekuwa ukirukwa miezi hii? Wiki hii mtaurudishaje?
3. Soma Ruthu 1:19-22. Taja "shayiri" moja uliyoiona wiki hii hata kama shida haijaisha.
4. Nani katika mtaa wenu anahitaji kufunikwa kabla ya Jumapili ijayo? Andikeni jina, mgawane kazi.

Tangazo: Kina mama wa kroshe hukutana Jumatano baada ya maombi ya adhuhuri. Vijana na kina baba wanaotaka kujifunza wanakaribishwa. Kama una uzi uliobaki nyumbani, hata kidogo, wa rangi yoyote, ulete. Hata wa kijivu.